Deki ya Kaseti ya Gari: Kabla Hujaing'oa, Isafishe Kwanza

Wasomaji wapendwa, salamu kwenu nyote. Safari hii maswali ya redio kaseti za magari yamekuwa mengi mpaka nimeamua safu nzima iwe ya hayo hayo, tv na pasi zitasubiri toleo lijalo. Karibu kila aliyeandika ameanza na maneno yale yale, "nimeambiwa imekufa". Mi siamini haraka hivyo. Deki ambayo taa inawaka, mota inasikika ikizunguka na kaseti inaingia haijafa, mara nyingi ni uchafu tu, na uchafu unatoka kwa kijiti cha pamba na spiriti kidogo kabla mtu hajagusa bisibisi. Naomba tuanzie hapo, manake nimeona deki nzuri sana zinatupwa wakati ugonjwa wake ulikuwa wa dakika kumi.

Shikamoo fundi. Gari langu lina redio yake orijino ya kaseti. Inapiga, lakini sauti imekuwa kama mwimbaji kajifunika blanketi, besi ipo ila trebo hamna kabisa, na spika za kushoto zinafifia afu zinarudi. Redio yenyewe ya stesheni inasikika safi. Nimeambiwa hedi imeisha. Ni kweli? (Mwenye gari la urithi)

Marahaba. Hapo uliposema redio ya stesheni inasikika safi umeshanipa nusu ya jibu, maana yake spika ni nzima, amplifaya ni nzima, waya ni nzima, tatizo liko kwenye njia ya kaseti peke yake. Na kwenye njia ya kaseti cha kwanza kushuku ni hedi chafu, yaani kile kichwa kinachosoma utepe, siyo hedi iliyoisha.

Ngoja nieleze kwa nini trebo ndo inaondoka kwanza, ukishaelewa hili hutasumbuka tena. Utepe wa kaseti unapita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, ni taratibu sana. Sauti nyembamba ya mitetemo 10,000 kwa sekunde inabidi ijibane kwenye huo mwendo mdogo, kwa hiyo kila wimbi lake linachukua urefu wa maikroni 5 hata hazifiki (maikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu), wakati sauti nzito ya mitetemo 100 wimbi lake lina karibu nusu milimita. Sasa utepe ukiinuliwa kutoka kwenye hedi kwa maikroni moja tu na vumbi la kahawia, besi haijui hata kama kuna kitu, lakini trebo inapoteza zaidi ya desibeli 10. Maikroni moja huioni kwa macho. Ndo maana mtu anachungulia anasema "mbona hedi ni safi" na bado sauti imekufa. Na hilo vumbi halijatoka nje, ni unga wa sumaku wa utepe wenyewe unaobanduka kidogo kidogo kila unapopiga, ukichanganyika na vumbi la barabarani na moshi wa sigara unakuwa ganda gumu.

Na spika za kushoto kufifia na kurudi, ni hivyo hivyo. Utepe mzima una upana wa milimita 3.8 na umegawanywa njia nne, mbili za upande A na mbili za upande B, kwa hiyo punje moja ya uchafu ikikaa mbele ya njia ya kushoto, upande wa kulia hauathiriki hata kidogo.

Kusafisha sasa. Tafuta spiriti ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu, ukipata 99 ndo yenyewe. Ile ya 70 ina maji mengi, inakauka polepole na inaacha alama. Jeli ya kusafishia mikono hapana kabisa, ina vitu vya kulainisha ngozi ambavyo vitabaki kwenye hedi kama gundi. Pafyumu hapana. Petroli, thina na asetoni hata usizisogeze, zinayeyusha plastiki na kuharibu mpira. Na zile dawa za kupuliza za kulegeza nati zilizoshika kutu pia hapana, zinaacha mafuta, na mafuta kwenye deki ni balaa kubwa kuliko vumbi.

Zima gari, toa funguo, fungua milango hewa ipite kwa sababu spiriti inashika moto na harufu yake kwenye nafasi ndogo haifai, na asivute mtu sigara hapo. Washa tochi, sukuma kile kikava cha mdomo wa deki kwa kidole, chungulia upande ule ambao ukingo wa kaseti wenye utepe wazi unaelekea ukiiingiza. Utaona kitu kinang'aa kama kucha ya chuma, hiyo ndo hedi. Pembeni yake utaona kijiti chembamba cha chuma, hicho mafundi wanaita kapstani, na karibu nacho kirola cheusi cha mpira. Tumia kijiti kirefu chenye pamba iliyokazwa vizuri au sponji ndogo kichwani, kiwe cha mti au plastiki, usiingize koleo la chuma humo. Lowesha, kamua kidogo pembeni kisichuruzike, afu sugua hedi kufuata njia ya utepe na kuivuka pia, taratibu bila kukandamiza, hedi imeshikiliwa na skrubu ndogo za kuinyoosha na ukiisukuma kwa nguvu unaiondoa kwenye mstari. Kijiti cha kwanza kitatoka na rangi ya kahawia kama kutu. Badilisha. Usirudishe kichafu ndani, watu wengi wanapaka uchafu ule ule kutoka hapa kwenda pale. Endelea mpaka pamba itoke nyeupe, malizia na kijiti kikavu, afu subiri kama dakika kumi spiriti iishe ndo uweke kaseti. Kaseti ya kujaribia iwe ile ambayo hata ikiliwa hutalia.

Kama mdomo wa deki yako ni mwembamba sana kijiti hakifiki, ipo kaseti ya kusafishia. Chukua ile ya maji maji, yenye vitambaa vidogo unavyodondoshea matone mawili matatu ya spiriti, uiweke kama kaseti ya kawaida, upige kama nusu dakika, na kama deki yako inajigeuza upande yenyewe basi igeuze usafishe na upande wa pili. Ile kavu yenye utepe unaokwaruza mi siipendi, inatoa uchafu ndiyo lakini inafanya kazi kama msasa laini, kila ukiitumia unakula hedi. Mara moja kwenye deki iliyogoma kabisa sawa, kila wiki hapana.

Kitu kingine ambacho ungekiangalia hata kabla ya spiriti: vitufe. Kama kitufe cha Dolby (mfumo wa kupunguza kelele za utepe) kimebonyezwa na kaseti yako haikurekodiwa kwa Dolby, trebo inakatwa. Na kile kilichoandikwa MTL au Metal ni cha kaseti za krom na metali, ukikiacha kimebonyezwa unapiga kaseti ya kawaida sauti nayo inafifia. Nimeshaona mtu karibu abadilishe spika zote nne kumbe ni kitufe.

Kama baada ya hayo yote bado, mulika tena hedi. Hedi iliyoisha kweli inaonyesha mfereji uliochimbika upana sawasawa na utepe, ukipitisha kijiti cha mbao unasikia ukingo wake. Huo mfereji ukiwa mkubwa basi aliyekuambia hedi imeisha yuko sahihi. Mfereji usipokuwepo usikubali kununua.

Habari fundi, naomba unisaidie. Deki yangu inatafuna kaseti lakini upande mmoja tu, ikipiga upande A haina shida hata saa nzima, ikijigeuza B haichukui muda utepe umeshatoka nje. Nimepoteza kaseti ambazo sitazipata tena na inaniuma. (Dereva wa safari ndefu)

Pole sana ndugu yangu, naelewa, kaseti iliyorekodiwa nyumbani hata ukiwa na hela huinunui popote. Kwanza kabisa acha kuweka kaseti unazozipenda humo mpaka tumalize.

Jibu la swali lako liko kwenye hilo neno "upande mmoja". Deki nyingi za gari zinazojigeuza zenyewe zina kapstani mbili na rola mbili za mpira, moja kulia moja kushoto ya hedi. Ikipiga A inabana rola moja, ikigeuka B inaachia hiyo na kubana nyingine. Kwa hiyo ikila upande mmoja tu, mara nyingi kati ya rola mbili ile moja ndo yenye ugonjwa, na huna haja ya kuhangaika na deki nzima.

Rola inakulaje utepe? Kazi yake ni kuubana utepe kwenye kapstani ili utoke kwa mwendo ule ule bila kuyumba, afu kigurudumu cha kukunjia kinaupokea upande wa pili na kuukunja. Mpira ukiwa mzima una weusi usiong'aa na unashika kama tairi mpya. Ukichafuka unakuwa na ganda la kahawia linalong'aa, au unanata, na utepe badala ya kuachia na kwenda kukunjwa unaufuata mpira kwa nyuma, unajizungusha kwenye kapstani, na kabla hujafikia kitufe mita nzima imeshaingia ndani. Sababu ya pili ni kigurudumu cha kukunjia kukosa nguvu, hapo utepe unatoka lakini hakuna anayeupokea.

Kwa rola kusafisha kwa kijiti kutoka mdomoni kunawezekana ila ni kazi ya subira, kwa sababu unasafisha sehemu moja ya mzunguko, unaisukuma izunguke kidogo, unasafisha tena, mpaka umemaliza duara zima, na kapstani hivyo hivyo, lazima ing'ae kama sindano mpya kuanzia juu mpaka chini. Ukiona pete ya kahawia imezunguka kapstani usiiache, hiyo pete inanenepesha chuma na ndo inayofanya sauti iyumbe yumbe. Ukiwa na uwezo wa kutoa deki na kufungua kifuniko cha juu utafanya vizuri zaidi maana utaviona vyote.

Kwa mpira isopropili kidogo inakubalika, lakini usiuloweshe wala usiufanyie hivyo kila siku, spiriti nyingi inaukausha na mpira mkavu unapasuka. Mi kwa rola napenda kuanza na maji yenye sabuni kidogo sana kwenye kijiti, afu kijiti cha maji matupu, afu kikavu, na spiriti naitumia pale tu ganda linapogoma. Rola ikiwa imeshapasuka pasuka au imebonyea upande mmoja, hiyo haisafishiki, ni kubadilisha.

Na hiyo ya kubonyea inatokana na tabia moja ambayo naomba tuiache wote. Mtu anafika anapokwenda, anazima gari kaseti ikiwa bado inapiga. Deki nyingine zina akili, umeme ukikatika zinaachia rola au zinatoa kaseti zenyewe. Za zamani haziachii, rola inabaki imekandamizwa kwenye kijiti cha chuma usiku kucha, wiki, miezi kama gari limepaki, na mpira unashika umbo hilo. Ukija kupiga unasikia mdundo mdogo kila mzunguko. Toa kaseti kwanza, ndo uzime.

Fundi mi yangu inageuza upande yenyewe kila baada ya sekunde chache, A, B, A, B, mwisho inaitema kaseti. Nimesafisha hedi haijasaidia. (Mama wa Mapacha)

Dada yangu, kusafisha hedi ni vizuri ila hii siyo ya hedi. Deki inajuaje kaseti imefika mwisho? Inaangalia kama vigurudumu vya kukunjia vinazunguka. Vikisimama inaamini utepe umeisha, basi inageuza. Kwa hiyo yako kuna kitu kinafanya kigurudumu kisizunguke au kizunguke kwa kusita, na yenyewe inatii tu ilivyoelekezwa.

Jaribu na kaseti nyingine mbili tatu. Kama inafanya hivyo kwa kaseti moja peke yake, shida ni kaseti, utepe umekunjika vibaya ndani na umekaza. Ichukue mkononi, ingiza penseli kwenye tundu, zungusha mpaka mwisho na urudishe, ukisikia inakaza gonga gonga ubapa wake kwenye kiganja, utepe unajipanga. Kama inafanya kwa kaseti zote basi ni beliti iliyolegea au kile kirola kidogo cha kati kinachopeleka nguvu kwenye vigurudumu, kimekuwa laini kinateleza. Hapo deki inabidi itoke.

Shikamoo. Kaseti imekwama ndani, nabonyeza kitufe cha kutoa nasikia kitu kinalia krrr lakini haitoki. Kijana mmoja kaniambia niivute kwa koleo. Nifanyeje? (Asiyetaka kuvunja)

Marahaba, na asante kwa kuuliza kabla ya kuvuta. Usivute kwa koleo. Kaseti ikikwama mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili, ama utepe umejizungusha ndani, ama karatasi ya jina iliyobandikwa juu ya kaseti imebanduka kwa joto na kujikunja ikashika kwenye paa la deki. Hili la pili watu hawalifikirii kabisa! Gundi ya karatasi inalegea jua likiwaka, na mtu anayebandika karatasi mpya juu ya ya zamani anafanya kaseti iwe nene zaidi.

Washa funguo hatua ya kwanza bila kuwasha injini, bonyeza kitufe cha kutoa, na wakati huo huo isukume kaseti ndani kidogo kwa kidole afu iachie. Mara nyingi inaruka. Ikigoma ingiza kitu chembamba cha plastiki kama kadi ngumu juu ya kaseti, telezesha, kama ni karatasi utaisikia inaachia.

Ikitoka nusu na utepe umebaki umeshikwa ndani, simama hapo hapo. Shika kaseti kwa mkono mmoja, mulika, na utoe mkunjo kwa vidole au kibano cha plastiki pole pole. Ukiona umejizungusha kwenye kapstani hautoki, bora deki itolewe, kifuniko kifunguliwe, na gurudumu zito la chini ambalo limeungana na kapstani lizungushwe kinyume kwa kidole, utepe utajifungua wenyewe bila kukatika. Kabla ya kutoa deki chomoa waya wa hasi kwenye betri, ila kabla ya kuchomoa hakikisha unayo namba ya siri ya redio kama redio yako ni ya aina hiyo, nyingi zikikosa umeme zinajifunga mpaka uingize namba. Kaitafute kwenye vitabu vya gari kwanza. Redio za saizi ile ya kawaida, milimita 180 kwa 50 usoni, nyingi zinatoka kwa vifunguo viwili vyembamba vya chuma unavyochomeka kwenye matundu ya pembeni mpaka vinalia, afu unavuta zote mbili sawa.

Utepe ukikatika siyo mwisho wa kaseti. Unakata ncha zote mbili kwa mkato wa kiulalo, unazikutanisha zisipandane, unabandika utepe maalum wa kuungia kwa upande wa nyuma, yaani ule unaotazama ndani ya kaseti, siyo unaogusa hedi. Selotepu ya ofisini usitumie, gundi yake inatoka pembeni na joto na ikifika kwenye hedi na rola unarudi kwenye matatizo yote ya hapo juu.

Kaka habari. Deki yangu imekuwa nzito, waimbaji wote wanasikika kama wana usingizi. Asubuhi ndo mbaya zaidi, ikipata joto inachangamka kidogo. Ni mota? (Kijana wa pikapu)

Nzuri mdogo wangu. Kabla ya kusema mota, pima. Chagua wimbo ambao unajua urefu wake sawasawa, wa dakika 4 kwa mfano, upige na saa mkononi. Ukichukua dakika 4 na sekunde 12 deki yako iko nyuma kwa asilimia 5, na hiyo inasikika na sikio lolote, ni karibu nusu hatua ya muziki. Asilimia moja usijisumbue nayo.

Kwa ulivyoeleza, asubuhi nzito joto likipanda inachangamka, mi nashuku grisi ya zamani imeganda, pamoja na beliti. Ile grisi iliyowekwa kiwandani inageuka kama nta baada ya miaka mingi. Deki ikifunguliwa inafutwa kwa spiriti mpaka iishe, inawekwa mpya kidogo sana ya aina isiyodhuru plastiki, na kwenye tundu ambalo kapstani inapita tone moja la mafuta mepesi ya mashine, tone la ncha ya sindano, siyo la chupa. Rola na beliti hazitakiwi kuona mafuta maishani mwao.

Beliti ni uzi wa mpira unaotoka kwenye mota kwenda kwenye lile gurudumu zito. Ikizeeka inarefuka na kuteleza, na nyingine zinaoza kabisa zinakuwa kama lami nyeusi, ukigusa inashika vidole mpaka kwenye nguo. Ukiikuta hivyo usikimbilie kuweka mpya juu ya ule uchafu, futa kila alama kwenye gurudumu na kwenye puli ya mota kwa spiriti na kijiti, lami ikibaki kidogo beliti mpya nayo itashika na kuyumba. Kupata saizi kama ya zamani imeshayeyuka, zungusha uzi wa kushonea kwenye njia yake yote, upime, afu tafuta beliti fupi kuliko huo urefu kwa asilimia 5 hadi 10 ili ikaze vya kutosha. Isikaze kupita kiasi, itachosha mota na kula bushi zake.

Baada ya hapo kama bado ni nzito ndo tuizungumzie mota. Nyingi zina kitundu kidogo nyuma chenye skrubu ya kurekebisha mwendo ndani. Wengi wanaanza na hiyo skrubu kwa sababu ni rahisi, wanaongeza mwendo juu ya beliti inayoteleza, mwendo unakaa sawa siku mbili afu unayumba upya. Iwe ya mwisho.

Na kuna skrubu nyingine pembeni ya hedi, yenye springi au rangi ya kuifunga. Hiyo inainamisha hedi ili ikae wima kabisa mbele ya utepe. Usiiguse kwa sababu tu sauti haina trebo, safisha kwanza. Inaguswa pale tu hedi imebadilishwa au mtu mwingine ameshaichezea, na unaizungusha robo ya robo huku kaseti nzuri ya orijino inapiga, unasikiliza wapi trebo inafunguka zaidi, unasimama hapo.

Natumia kaseti ile yenye waya kuunganisha simu. Nasikia mluzi unaopanda nikikanyaga mafuta. Je hedi ni chafu? (Msikilizaji wa njiani)

Hapana, mluzi unaofuata injini unatoka kwenye umeme wa gari, kwenye olteneta, ile inayochaji betri. Chomoa chaja ya simu usikilize, ukipotea basi chaja na ile waya vinagombana kwenye erthi, piga simu ikiwa na betri yake tu au tafuta kichujio cha kuweka katikati ya waya. Usipopotea mwambie fundi aangalie waya wa erthi wa redio. Lakini hedi bado isafishe, maana hiyo kaseti ya waya inapeleka sauti kwa kugusana na hedi kama kaseti nyingine yoyote, hedi ikiwa chafu na simu nayo inasikika imefifia.

Shikamoo mwalimu. Nimerithi sanduku la kaseti za mzee, zimekaa stoo miaka mingi, nyingine zina ukungu mweupe, na moja ina mwandiko wake juu ya karatasi. Nataka kuzisikiliza kwenye gari lake lile lile. Naanzaje bila kuharibu? (Binti wa Mzee)

Marahaba binti yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nataka sana ufanikiwe kwa hiyo nitakuomba usiwe na haraka.

Zitoe zote, zitenge mafungu mawili. Zenye ukungu, hata kidogo tu kwenye ukingo wa utepe unaoonekana dirishani, ziweke mbali na nyingine na usiziingize kwenye deki kabisa, ukungu utabaki kwenye hedi na rola na kuhamia kwenye kaseti safi. Hizo ni za kumpelekea mtu anayejua kusafisha tepe, afungue ganda, na kama sauti ya mzee mwenyewe imo humo basi ihamishiwe kwenye kompyuta mara moja hiyo hiyo, usiipige kwa majaribio.

Zilizo safi, zichungulie moja moja. Katikati ya ule ukingo wazi kuna kipande kidogo cha kitambaa kwenye bati jembamba la springi, kinakandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake inazeeka, kitambaa kinadondoka, na kaseti inapiga kwa sauti iliyofifia mtu anailaumu deki. Kikidondoka kinaweza kurudishwa, au utepe unahamishiwa kwenye ganda jingine, kazi ambayo ni rahisi kama ganda lina skrubu tano, na ngumu kama limegundishwa.

Afu angalia namba ya dakika iliyoandikwa kwenye kaseti. C60 ina utepe wa kama mita 90 na ni mnene, ndo inayovumilia gari kuliko zote. C90 ni mwembamba zaidi, inaenda vizuri kwenye deki yenye afya. C120 ina utepe mwembamba sana, kama maikroni 9, nusu ya ule wa C60, na kwenye deki ya gari inayotikisika na joto juu yake mi siziamini. Za C120 zisikilize nyumbani kwenye deki nzuri.

Kila kaseti iliyokaa muda mrefu izungushe mpaka mwisho na kuirudisha kabla ya kuipiga, ili matabaka ya utepe yaachane na yajikunje upya kwa mkazo ulio sawa. Fanya kwa penseli au kwenye deki ya nyumbani, usiipe deki ya gari kazi hiyo siku ya kwanza.

Na gari lenyewe. Kama lilipaki muda wote huo, deki yake isafishe kama nilivyomweleza mwenye gari la urithi, hedi, kapstani na rola zote mbili, afu piga kaseti isiyo na thamani pande zote mbili mpaka mwisho. Ikitoka bila kukunja utepe, safisha tena hedi kidogo, ndo uingize ya mzee. Baada ya hapo kwa gari linalopita njia za vumbi safisha kila baada ya masaa 20 hivi ya kusikiliza, na kwa kaseti za zamani mapema zaidi, unga wao unabanduka haraka.

Usiziache garini. Ndani ya gari lililofungwa juani joto linaweza kupita nyuzi 60, na juu ya dashibodi linazidi hapo, ganda la kaseti linapinda kidogo tu kwa jicho lakini inatosha utepe ukwaruze pembeni au kaseti ikwame mdomoni. Wala usiziweke kwenye mfuko wa mlango uliogusana na spika, spika ina sumaku. Beba mbili tatu za safari, kila moja kwenye kasha lake lenye meno yanayoshika vigurudumu visizunguke, na ukifika shuka nazo.

Ukishazisikiliza niandikie uniambie zipi zimepona. Na ile moja uliyosema ina mwandiko wake juu ya karatasi, iangalie kwanza kama karatasi haijabanduka pembezoni, ikiwa imebanduka itoe uihifadhi kando na kaseti uiingize bila karatasi.